Nilivyokwenda Msibani kwa Mvenezuela

Mmeniuliza kwa zamu, mmoja mmoja, pale mashineni, njiani, hata kanisani wakati wa kupeana amani: Balozi, mbona siku hizi kimya? Huko Mbogwe walikufanya nini? Nimechoka kujibu vipande vipande, na kila nikijibu naongeza chumvi. Kwa hiyo naandika mara moja, wote msome, halafu mniache. Mwandiko mtanivumilia. Shule niliiacha kidato cha tatu, au yenyewe iliniacha, mpaka leo hatujakubaliana.

Kwa atakayeokota karatasi hizi na hanijui: naitwa Ngasa, nakoboa mpunga Kolandoto. Kazi ya mashine ni kumimina na kusubiri, na kwenye kule kusubiri ndiko nilikojifunzia Kihispania kwa simu. Wenzangu walijifunza sigara. Nilianza kwa ajili ya mpira, nikitaka kujua watangazaji wa kule wanapiga kelele za nini. Huu ni mwaka wa tatu. Hamu ya mpira ikapungua, nikabaki na redio zao, na redio zao zikanitia siasa. Mnanijua. Bolivia nina upande, Chile nina upande, na Venezuela nilikuwa na upande kama mtu aliyevaa jezi. Nchi inabanwa na wakubwa na haiinami, mimi hiyo ilinikaa kifuani. Mtu akisema mbona watu wake wanakimbia, nilikuwa namjibu: hao ni wale waliozoea mteremko. Ndipo mlipoanza kuniita Balozi. Mlinipa jina kwa kunicheka, mimi nikalipokea kwa heshima zote.

Kolandoto: simu ya Baba Neema

Baba Neema nilikaa naye dawati moja. Siku hizi ni mpishi kwenye kambi ya watu wa kuchoronga miamba, wale wanaotoboa ardhi kwa mtambo kuangalia kama chini kuna dhahabu. Kambi yao iko porini huko Mbogwe, mbele ya Masumbwe. Alinipigia Jumatano asubuhi.

"Balozi, hicho Kihispania chako ni cha kweli au cha kijiweni?"

"Cha kweli."

"Sasa sikiliza. Tuna fundi wa mtambo hapa, Mvenezuela, anaitwa Wilmer. Mama yake kafariki huko kwao juzi Jumatatu. Kwenda haiwezekani, mpaka afike watakuwa wameshazika zamani. Siku ya tatu hii hali kitu. Kiingereza chake na changu tukivijumlisha havifiki salamu."

"Pole yake sana."

"Hiyo pole ndiyo tunataka uje umpe. Sisi tumekaa naye, moto tumewasha, wanawake wa kijijini wameleta unga na mboga. Lakini mtu kafiwa na hakuna hata mmoja wa kumwambia neno akalielewa. Hii ni aibu, Ngasa. Na kuna jambo. Jumapili mama yake alimtumia ujumbe wa sauti, yeye akiwa zamu. Hajaufungua. Ananionyesha simu, ananionyesha sikio, anatikisa kichwa. Nadhani anaogopa kuusikiliza peke yake. Anataka mtu atakayeelewa akae pembeni. Njoo ukae pembeni. Kazi yenyewe ni hiyo tu."

Rudieni hapo msome tena: kazi yenyewe ni hiyo tu. Niliisikia vizuri kabisa.

Mama alinifungia mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu anavyochemsha, anakata na kukausha mwenyewe juani. Alijaza mpaka mfuko ukakataa kufunga. "Msibani hawaendi mikono mitupu," akasema. "Watayachemsha na karanga, yatalainika, hata mwenye donge kooni anameza. Na ukifika, kaa. Uliza marehemu alikuwa anaumwa nini. Halafu nyamaza."

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana nakwambia."

Tinde: basi linapumzika

Kutoka Shinyanga mjini basi lilikwenda kwa adabu mpaka Tinde, pale mkanda wa injini ukakatika. Konda akasema nusu saa. Wazoefu wakatandika khanga chini kabisa, nikajua nusu saa hiyo ni ya konda. Tulikaa karibu masaa matatu.

Njaa ilianza, na mfuko wa matobolwa ulikuwa mapajani. Nikasema naonja moja. Jirani akaangalia, nikampa moja. Wa nyuma akakohoa. Mwisho tulikuwa watu kama wanane tunatafuna, na mimi katikati nahutubia, maana walikuwa wameniuliza naenda wapi, na mtu ukiniuliza hivyo umejitakia. Niliwapa Venezuela yote. Mafuta yao, vikwazo, foleni za unga, rais huyu na wapinzani wale, nani msaliti, nani shujaa. Nilikuwa nawapanga kama kikosi.

Bibi mmoja aliyekuwa anakwenda Isaka kwa mwanae alinisikiliza muda mrefu huku akimung'unya tobolwa taratibu, meno hayakuwa mengi.

"Mjukuu wangu," akasema, "hizo foleni ulipanga?"

"Hapana bibi. Nazisikia redioni."

"Mimi nilipanga. Miaka ile ya shida, hapa hapa. Ya sukari, ya sabuni, ya khanga. Siku moja nina mimba ya huyu ninayemfuata Isaka, nikaishiwa nguvu, nikaweka jiwe kwenye nafasi yangu nikakaa pembeni. Watu walilisogeza lile jiwe mpaka mlangoni. Wakati nafika, jiwe langu limeshafika."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

"Na serikali bibi, uliichukia?"

"Wala. Maneno yake niliyapenda, mpaka leo nayapenda. Ila miguu ilivimba."

Akaomba tobolwa jingine. Mimi lile jiwe nililiweka akilini, nikajisemea hii stori tamu, nitaitumia mahali.

Kahama: wali na uongo

Kahama nilifika saa nane na nusu. Magari madogo ya kwenda Masumbwe, ile michomoko, yalikuwa yanaita abiria. Ningepanda lile la kwanza ningekuwa kambini kabla ya jua kuzama. Lakini mchele wa Kahama mnaujua, harufu yake inakukamata shati. Nikaingia kwa Mama Kulwa, mama ntilie nyuma ya stendi, nikaagiza wali na nyama ya mchuzi.

Simu ikaita. Baba Neema.

"Umefika wapi?"

"Nimeshaivuka Kahama," nikasema, kijiko mkononi.

"Fanya haraka. Leo hata chai kaisukuma."

Mama Kulwa alikuwa amesimama na jagi la maji. Akaniangalia, akaiangalia sahani. "Kahama umeivuka," akasema. "Basi huu wali unakulia wapi?"

Meza ya pili alikaa mnunuzi wa mpunga mwenye kofia ya bluu. Alisikia nikimweleza Mama Kulwa safari yangu na hata jina langu la Balozi, akatupa neno: hao Wavenezuela waliyataka wenyewe, walipenda vya bure. Nilipaswa kunawa na kuondoka. Nikavuta kiti.

Tulibishana mpaka wali ukaganda. Dereva akaja mlangoni, "Wewe wa Masumbwe, twende." Nikamwambia dakika moja. Akaja wa pili, nikamwambia dakika hiyo hiyo. Yule wa kofia alikuwa mgumu, na mimi kushindwa mezani kwa watu siwezi. Mwisho aliinuka akasema, "Haya Balozi, umeshinda," akaenda zake kupakia mpunga. Nilijisikia vizuri kama dakika tano. Gari la mwisho lilijaza saa kumi na mbili.

Mtu akisema ni mkanda wa basi ulionichelewesha, mwacheni aseme. Mimi mwenyewe nilisema hivyo nilipofika.

Masumbwe: somo la kwanza

Masumbwe giza lilikuwa limeingia, na bodaboda wote walikataa njia ya porini, mvua ilikuwa imekula kivuko. Nikachukua chumba gesti.

Alfajiri niliamka kufanya mazoezi ya maneno ya pole. Nilisimama mbele ya ukuta, natamka kwa sauti, narudia, nakunja mikono kifuani. Mlango ukagongwa. Mama mwenye gesti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, wewe ni mchungaji?"

"Hapana."

"Mganga?"

"Hapana, mama."

"Sasa ukuta wangu unauambia nini? Nina wachimbaji wawili hapa nje wamekusikia. Wanasema hayo maneno ni mazito, wanataka ukawasemee kwenye shimo lao. Miezi minne linatoa mawe matupu."

Mtu mwenye akili angeeleza. Mimi nilitoka nje kueleza, nikakuta vijana wawili wamevua kofia, wananisubiri kwa unyenyekevu. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunivulia kofia. Nikasema shimo liko wapi? Wakasema hapo tu. Hapo tu ikawa saa nzima kwa mguu.

Nilisimama kwenye mdomo wa shimo, nikawasomea somo la kwanza la kwenye simu: mimi ni mvulana, wewe ni msichana, mvulana anakula tufaa, msichana anakunywa maji. Nilisoma taratibu, kwa sauti nzito. Wakaitikia amina. Mmoja alikuwa na machozi.

Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi. Sasa hivi nikimkumbuka yule wa machozi sicheki. Na wakati namwombea mvulana wa tufaa, kuna mtu alikuwa amekaa mbele ya hema lake, simu mkononi.

Kambini

Bodaboda ilinishusha saa tano. Chini ya turubai walikaa watu kama thelathini kwenye mikeka: wachorongaji, vibarua, wanawake wa kijijini na masufuria yao. Msiba kamili. Kilichokosekana ni marehemu na lugha.

Wilmer alikuwa kwenye kiti cha plastiki. Mtu mkubwa, ndevu za siku nne, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Nikamsogelea nikasema pole yangu, ile ya ukutani. Kiti kikaanguka nyuma yake. Alinikumbatia, akakaa hivyo hivyo. Akaanza kusema mambo mengi kwa haraka, mimi nilidaka nusu. Halafu akatoa simu, akanionyesha. Picha ndogo ya mama mwenye miwani, na chini yake ujumbe wa sauti wa dakika mbili na kitu.

"Sasa?" akaniuliza.

Wenzangu, alisema sasa. Neno hilo nilijifunza wiki ya kwanza.

Nikamwambia, subiri kidogo kaka, kwanza nizungumze na hawa watu, wamenisubiri tangu jana. Akatikisa kichwa kukubali. Akairudisha simu kwapani kama mtu anayeatamia yai.

Nikasimama kama msemaji wa familia. Niliwashukuru kwa niaba ya ukoo ambao siujui. Niliwaeleza Venezuela iko wapi. Halafu nikawaeleza na siasa yake, maana watu thelathini wametulia wananisikiliza, mimi nani niwanyime? Katikati nilimgeukia Wilmer nikamuuliza kwa Kihispania yeye yuko upande gani.

Akanitazama kidogo. "Mama alikuwa upande wa serikali mpaka mwisho," akasema. "Mimi niliondoka. Miaka sita hatukuongea siasa. Tuliongea habari za mbwa."

Nikawatafsiria watu: anasema mama yake alikuwa mwanamapinduzi. Ya mbwa niliyaacha, niliona hayana uzito.

Chakula kikaja. Ugali, dagaa, mlenda. Wilmer akapewa sahani, akaiweka chini. Baba Neema akaninong'oneza, "Unaona? Fanya kitu."

Hapa naomba mnielewe, halafu mkishanielewa mnilaumu. Baba yangu alipofariki mnakumbuka sikula siku mbili. Mtani wa ukoo wetu alichimba kaburi, akalala ndani yake, akagoma kutoka. Akasema hili nimelichimba mwenyewe, ni langu, Baba Ngasa atafute jingine. Mpaka akaletewa kuku. Nilicheka nikiwa nalia, na jioni ile nikala. Utani ulinirudisha duniani. Mimi nilidhani nimebeba dawa.

Nikaruka katikati ya mikeka. Nikatangaza kwamba kuanzia leo Wasukuma na Wavenezuela ni watani, na mtani kaja kuchukua chake. Nikanyakua kofia ya Wilmer nikavaa. Watu wakaanza kuchangamka. Nikasema, mnalia nini? Huyu mama hajafa. Kaenda kupanga foleni ya mbinguni, na anavyozijua foleni za kwao, ameweka jiwe kwenye nafasi yake, amekaa pembeni anapumzika. Jiwe ndilo linalosogea.

Walicheka mpaka turubai likatikisika. Wanawake walijifunika nyuso kwa khanga. Wilmer akawatazama, akanitazama, na kweli kulikuwa na kitu kama tabasamu, anataka na yeye aingie. "Umesema nini?" akauliza.

Nikamtafsiria. Nilijitahidi sana. Nilikuwa najivunia hata mpangilio.

Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Halafu akanieleza, polepole, neno moja moja, kama unavyomwelekeza mtoto njia. Mama yake alikuwa anakwenda kupanga foleni ya dawa za presha. Alikuwa na kigoda chake cha kukunja, watu wa mtaa walimjua kwa kigoda hicho. Jumatatu alfajiri alikaa juu yake, akaegemea ukuta. Waliokuwa nyuma walidhani kasinzia. Foleni iliposogea, wakamsogeza na kigoda chake kwa upole, wasimwamshe. Walimsogeza mara tatu.

Tangu nianze kujifunza lugha ile, ni mara ya kwanza sikukosa hata neno.

"Anasema nini?" wakauliza wanawake, bado wanafuta macho kwa kicheko. Ilibidi niwaambie. Nilisimama na kofia ya mwenyewe kichwani, nikawaambia yote, mpaka mara ya tatu. Mama mmoja akaweka mikono kichwani. Hakuna aliyeniangalia.

Swali linaloulizwa msibani kabla hata hujakalishwa, alikuwa anaumwa nini, kila mtu pale alikuwa ananisubiri mimi niliulize. Wao hawakuwa na lugha.

Nikavua kofia nikampa. Nikajaribu kumweleza utani, nikamweleza baba, kaburi, kuku. Alisikiliza yote.

"Huyo mtu," akasema, "alimjua baba yako?"

"Walichunga pamoja."

"Na kaburi alichimba yeye?"

"Yeye. Tangu alfajiri."

Akatikisa kichwa taratibu. Akaingiza simu kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaingia hemani kwake. Mlango wa hema akaushusha.

Kurudi

Nilimsubiri mpaka saa kumi. Hakutoka. Nilisogea mpaka kwenye turubai la hema nikasema samahani, kwa namna zote tatu nilizofundishwa na simu, na zote zilikuwa za kumkanyaga mtu mguu sokoni.

Baba Neema akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Mfuko wa matobolwa nikamwachia.

"Usijilaumu sana," akasema.

"Nijilaumu kiasi gani?"

Akafikiri. "Kiasi," akasema.

Njia nzima sikuhutubia mtu. Masumbwe niliinamisha uso nisionekane na wale vijana wa shimo. Kahama niliona yule mnunuzi wa mpunga anapakia gari, akanipungia mkono, "Balozi, vipi huko?" Nikamwambia nimechoka. Nyumbani mama akanipokea mkoba, akauliza, "Alikuwa anaumwa nini?"

"Presha."

"Uliuliza?"

Nikasema ndiyo. Huo nao ni uongo, mama akiusoma hapa ajue.

Jumapili jioni Baba Neema alipiga.

"Yule jamaa kaufungua ule ujumbe," akasema.

"Na nani?"

"Na mimi. Kaja jikoni, kakaa juu ya gunia la mchele, kaweka simu mezani. Nikatoa sufuria motoni lisifanye kelele. Nikakaa."

"Wewe si hujui hata neno moja."

"Hata moja."

"Sasa mama yake alisema nini?"

"Mimi nitajuaje, Ngasa? Aliongea. Mbwa akabweka, akamkemea. Mwishoni alicheka kidogo. Basi, ikaisha. Tukakaa. Halafu jamaa akanyoosha mkono kwenye sufuria. Nilikuwa nimeyachemsha yale matobolwa ya kwenu, na karanga."

"Akala?"

"Alikula yote. Akatafuta mengine, hayakuwepo." Akacheka. "Mwambie mama yako asante, wabeja sana. Ila siku hizi anafunga kidogo, mfuko haukufika hata nusu."

Sikumwambia kwamba nusu tuliimaliza Tinde, mimi nikiwa nahutubia.